Lenzi Pana Kwenye Ua wa Jebel

Tak. Lenzi mpya ilijifunga kwenye kamera, na mpigapicha Mganda akacheka peke yake. Tulikuwa mtaa wa Jebel, uani kwa jirani yangu, kwenye sherehe ya bintiye aliyehitimu chuo. Kinga ya jua ya lenzi aliipachika upande, pembe za picha zikawa nyeusi. Akaizungusha, akapiga tena.

“Mama, hii inameza watu wote. Hata tangi ya maji iko ndani.”

Jirani alivaa miwani, akatazama kioo cha kamera. Kando ya tangi alisimama kifungua mimba wake, Wani. Tangu kijana aoe bila kumwambia, miaka mitatu sasa, mama humwita “yule” tu, na picha zote humwacha nje.

“Yule mtoe.”

“Mimi siwezi, mama. Na pembeni lenzi inavuta mtu. Angalia, kichwa iko kama papai. Dawa ni kumleta katikati.”

Mama aliangalia, akabana midomo, kicheko kikamponyoka. Wauzaji husema lenzi hizi huongeza nafasi. Mimi niliona ua uleule, na mama akisogeza kiti chake.

“Njoo ukae hapa,” alisema, bila kugeuka. “Wani.”