Maneno Pacha na Nafasi Moja ya Shule

Harufu ya sweta la sufu lililoloa ukungu kisha likakaushwa kwa moshi wa kuni hunirudisha Mlandege, Iringa, miaka ya hamsini, kipupwe kile tulipokuwa darasa la nne. Darasa zima lilinuka hivyo, na vumbi la chaki juu yake. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni maneno mawili mawili: kitchen na chicken, lose na loose, quiet na quite. "Hawa ni ndugu wa sura tu," alisema, "tumbo si moja." Niliyatazama mpaka yakaanza kuhamahama. Jiko likawa kuku, kuku akawa jiko. Nyumbani tulisema Kiswahili cha mama yangu wa pwani, majirani walisema Kihehe, na sasa lugha ya tatu imekuja na mapacha wake. Nilikasirika, nakiri. Wenye lugha yao walikosa herufi nyingine za kutumia?

Hasira hiyo ilikuwa na sababu yake. Shule ya kati ya wasichana ilikuwa imetupa nafasi moja tu, na tulioitaka tulikuwa wawili: mimi na rafiki yangu Tusekile, binti wa fundi cherehani aliyehamia kutoka Mbeya. Tulichota maji pamoja, tulikula pamoja. Atakayekosa angebaki nyumbani, basi, masomo yameishia hapo. Jioni ya kuamkia mtihani wa kuigombea, tukiwa bombani, Tusekile akaniuliza, "Zena, lipi ndilo kimya?" Nikamjibu haraka, "Quite." Je, nilijua kwamba si hilo? Wallahi mpaka leo sijui. Najua tu kwamba kesho yake, kalamu mkononi, penye kimya niliandika quiet, na jina lililotoka lilikuwa langu.

Nikasoma, nikawa mwalimu, nikazeeka na jambo hilo kooni. Siku hizi wajukuu wangu hubonyeza simu wakapata maana ya neno kabla chai haijapoa. Hawamwulizi mtu, wala hakuna wa kuwapotosha. Sisi tuliulizana. Kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakusema lolote juu ya anayejibu. Mwaka jana nilishindwa kuvumilia, nikapanda basi hadi Mbeya kwa Tusekile, nikamweleza yote huku machozi yananitoka. Alikuwa akichambua maharage kwenye ungo.

"Mwenzangu, mimi niliangushwa na hesabu," akasema. "Asubuhi ya mtihani nilimwuliza mwalimu, akaniambia ni quiet. Nilijua umekosea."

Nikamwuliza mbona hakunirekebisha kabla hatujaingia. Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa.

"Nafasi ilikuwa moja, Zena."

Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima kwenda kuomba msamaha. Nikabaki nimekaa mkekani, sijui niombe au niombwe.