Fundi wa Naviundu na Peugeot Kuukuu

Fundi huyu wa magari wa mtaa wa Naviundu husalimu gari kwanza, mwenyewe baadaye. Mama Chileshe alipomletea Peugeot kuukuu aliyoinunua ili impeleke bintiye kanisani kufunga ndoa, fundi alilaza sikio juu ya boneti, akanyamazisha watu kwa kidole cheusi kwa oili. "Mama, iko na kasirani, imenuna," akanong'ona. Akaisugua kabureta kwa mswaki, akiibembeleza kama mtoto anayekataa uji. Injini ilipoguruma, mama akapiga vigelegele. Fundi akarukia usukani, akatokomea nayo. Mama Chileshe akabaki kashika kichwa barabarani. Alasiri gari likarudi. Mke wa fundi alikuwa ameketi nyuma kwa kitenge cha Jumapili, akiwapungia majirani. "Nilikuwa najaribu mafreni, mama, kama gari inasimama muzuri," fundi akasema. "Iko muzuri," mkewe akadakia bila kushuka, "lakini bado hatujajaribu mulima."