Eksi Ilipoelekea Tatu

Upepo ukivuma kutoka mashamba ya Ngombezi, darasa letu pale Korogwe lilijaa harufu ya makapi ya katani, nzito na chachu, ikichanganyika na vumbi la chaki. Ndiyo harufu ya msimu ule wa vijiji vya ujamaa, nilipokuwa msichana mdogo kuliko wote katika darasa la hesabu. Wazazi wangu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya huko Handeni, na baba alishaniambia, "Ukitolewa hesabu, rudi tulime." Mkuu wa shule naye alitaka darasa lifungwe, sisi wasichana tupelekwe sayansi kimu, tukajifunze mapishi na ushonaji. Aliyetutetea ni Mwalimu Hadija peke yake, Mzigua mwembamba asiyepaza sauti. Mwishowe ikaamuliwa mkaguzi aje atupime; tukishindwa, darasa lifungwe.

Alikuja asubuhi, akaitikia shikamoo zetu, akaketi nyuma. Mwalimu Hadija akaandika swali ubaoni: eksi ya kipeo cha pili kutoa tisa, igawanywe kwa eksi kutoa tatu, tafuta kikomo eksi inapoelekea tatu. Mkaguzi akaninyooshea kidole mimi. Nikaenda ubaoni, nikaweka tatu mahali pa eksi. Juu sifuri, chini sifuri.

"Kwa hiyo hakuna jibu?" akauliza.

Nikamtazama mwalimu, alikuwa amekatazwa kusema. Nikajaribu mbili nukta tisa, nikapata tano nukta tisa. Nikasogea, mbili nukta tisa tisa: tano nukta tisa tisa. Nikaja kwa upande wa pili, tatu nukta moja: sita nukta moja.

"Ni sita, Ndugu Mkaguzi."

"Penye tatu umepata sita?"

"Hapana. Pale penyewe haina thamani. Lakini inaikaribia sita kutoka pande zote mbili."

"Nithibitishie bila kubahatisha namba."

Nikaivunja sehemu ya juu: eksi kutoa tatu, mara eksi kujumlisha tatu. "Eksi inaikaribia tatu tu, haijawa tatu," nikasema, "kwa hiyo tunaruhusiwa kufuta kinachofanana juu na chini." Ikabaki eksi kujumlisha tatu. Sita.

Mkaguzi akamgeukia mkuu wa shule aliyesimama mlangoni. "Waache waendelee." Mwalimu Hadija akaketi. Ndipo nikaona chaki imesagika kiganjani mwake.

Mwaka jana nilipita shuleni pale. Darasa limejaa wasichana. Mmoja alikosea ubaoni, wenzake wakacheka, naye akacheka, akafuta, akaanza upya. Nilisimama dirishani nikimtazama kwa wivu kidogo. Siku ile ya mkaguzi, kosa langu lisingekuwa langu peke yangu. Lingekuwa la sisi sote.