Baiskeli ya Jean Paul

Anastazi wa Keza alianza na chumvi. Aliinunua Ngara mjini, akaibeba kichwani na kuipima kwa kikombe mlango kwa mlango, mpaka akapata duka lake la chumvi na maharage. Shule aliishia darasa la nne. Alichokijua alikijua barabara: bei ya kwanza haikubaliwi. Mnunuzi akitaja, unacheka, unamuuliza habari za watoto. Akirudi mara ya pili, unaguna. Mara ya tatu ndipo mnazungumza kama watu wazima. Na hata mkielewana, jambo bado, mpaka ipikwe rubisi, ile pombe ya ndizi, muinyonye kwa mirija kutoka chungu kimoja mbele ya watu. Hivyo ndivyo alivyonunua ng'ombe wake, hivyo ndivyo alivyooa, na hivyo ndivyo alivyotaka kumuuza Jean Paul, mwaka 1996.

Jean Paul alikuwa mkimbizi kutoka Rwanda, kijana wa miaka ishirini, akiishi kambini na mama yake, Nyirabahizi. Jumapili alikuja kuichezea Ruvubu, timu ya Keza, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Anastazi. Msimu ule alifunga magoli kumi na saba, mengi kwa mguu wa kushoto, na viatu alivyovaa vilikuwa vya kuazima.

Mwishoni mwa Novemba akaja Mayunga, Msukuma mwenye lori na timu yake Biharamulo. Alimtaka kijana. Angekaa kwake, angekula kwake, angemlindia mizigo yake. Akataja bei: seti ya jezi na mipira miwili. Anastazi akacheka, akamuuliza habari za watoto.

Jioni hiyo mashabiki walijaa kwa Dafroza, muuza pombe.

"Tukimuuza tutafungwa hata na timu ya masista," alisema Celestini, fundi cherehani.

"Wewe nyamaza," Dafroza akamjibu. "Kaptula ulizotushonea zilipasuka kabla ya mapumziko. Kijiji kizima kimeona makalio ya golikipa."

"Kitambaa kilikuwa kibovu."

"Kitambaa, au uzi uliobaki kwako?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema timu bila jezi ni kundi la wahuni tu, kijana auzwe. Mwingine akasema magoli hayavai jezi. Celestini akamgeukia mwenyekiti. "Mzee Anastazi, huyu tunamuuzaje? Ng'ombe wa jirani akiingia shambani kwako, unampeleka mnadani?"

"Ng'ombe hasemi anataka kwenda," Anastazi alisema. "Huyu amesema."

"Na mama yake?" aliuliza Dafroza.

"Mama yake amekubali. Kilichobaki ni bei. Nataka na baiskeli."

"Ya nani?"

"Ya timu."

"Italala wapi?"

"Dukani kwangu. Kwani uwanja una kufuli?"

Wakacheka tena, wakapitisha. Auzwe, lakini kwa baiskeli.

Mayunga aliporudi mara ya pili, mwanzoni mwa Desemba, baiskeli ilimshinda. Anastazi akaguna, akamsindikiza mpaka kwenye lori.

Katikati ya wiki hiyo likatoka tangazo: Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Siku ya pili yake Jean Paul alifika dukani akiwa na vumbi mpaka magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu siku ya kazi?"

"Mzee, Jumapili Mayunga akija, niondoke naye. Niuze kwa jezi tu. Niuze hata bure. Akishanipokea, mama atanifuata."

"Usiseme hivyo kwa sauti. Akijua una hamu, ataondoa hata mipira."

"Wamesema mwisho wa mwezi."

Anastazi alikuwa akipima maharage, na hakuacha kupima. Maisha yake yote hakuwahi kuona siku iliyotajwa na serikali ikafika kama ilivyotajwa. Kodi ilisogezwa, barabara ilisogezwa, hata chanjo ya ng'ombe ilisogezwa. "Tarehe nayo ni bei tu," akamwambia. "Huongezwa. Na hata isipoongezwa, siku tunazo. Nenda kapumzishe miguu."

Jumapili Mayunga akakubali. Jezi, mipira, baiskeli mpya. Alitaka kuondoka na kijana siku ileile. Jean Paul alikuwa tayari amesimama kando ya lori na mfuko wake.

"Bila rubisi?" Anastazi akauliza. "Watu watasema nilimwiba, na wewe watasema ulipokea mali ya wizi. Njoo Jumapili ijayo na vitu vyako."

Jean Paul alimtazama, akachukua mfuko, akarudi kambini.

Ndizi zikafukiwa shimoni siku nne ziive. Ijumaa Dafroza akazikamua, akachanganya na mtama. Alhamisi, zikiwa bado shimoni, kambi ilikuwa imeondoka. Watu walikimbilia porini, kuelekea ndani ya nchi, askari wakawageuza. Keza walisikia habari kidogo kidogo, kila mtu na yake.

Jumapili chungu kilikuwa tayari, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Mayunga alifika amechelewa. "Barabara imejaa watu," alisema. "Wanarudishwa kwao."

Anastazi alishusha baiskeli kutoka kwenye lori, makaratasi ya dukani bado yamezungushiwa fremu, akaipanda kwenda barabara kuu.

Alisimama hapo kwa muda wa saa mbili akitazama nyuso. Wakimbizi walipita na magodoro, na masufuria, na kuku. Jean Paul ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa na furushi kichwani na mama yake amemshika mkono.

"Ndiyo hiyo baiskeli, mzee?"

"Ndiyo."

Kijana akaitazama toka gurudumu hadi gurudumu. "Nzuri."

"Panda tuondoke."

"Na mama?" Kisha akaonyesha askari kwa kidevu, mmoja mbele, mmoja nyuma. "Na hao?"

Anastazi akaishikilia baiskeli isiyumbe. Akamketisha Nyirabahizi kwenye kiti cha nyuma, akasukuma. Jean Paul alitembea upande wa pili, ameshika usukani. Walikwenda hivyo mpaka askari mmoja alipoinua mkono na kumwambia Mtanzania aishie hapo. Nyirabahizi akashuka. Jean Paul akaiachia baiskeli, wakaendelea.

Habari zao hazikufika Keza tena.

Aliirudisha baiskeli mpaka kwa Dafroza akiikokota. Mayunga akamwambia abaki na jezi, angalau, kwa usumbufu.

"Hatukufunga biashara," Anastazi alisema. "Pakia vitu vyako."

"Na hii rubisi?" Dafroza akauliza.

"Watu wanywe. Kesho itachacha."

Yeye hakushika mrija. Alikwenda kufungua duka. Akaja mama mmoja kutaka maharage, akataja bei ya kuchekesha, akasimama kusubiri kubishiwa. Anastazi akampimia.