Mzee Aliyekataa Kusuluhishwa

Nisitirini, wasomaji, maana hii aibu bado mbichi. Nilikuwa nimesajiliwa juzijuzi kuwa msuluhishi, mahakama ikanituma Mkolani kwa ndugu wanaogombea kiwanja. Niliingia sebuleni, mapazia yamefungwa. Watu walikaa kimya pande mbili. Katikati alilala mzee, amefunikwa shuka hadi kidevuni.

“Shikamoo, mzee.”

Kimya. Nikadhani amenuna.

Nikajitapa kwamba nina shahada ya sheria, nimefuzu mafunzo ya usuluhishi na siegemei upande. Hata kikohozi sikusikia.

“Mzee, silazimishi mtu, lakini usiposema hatutaendelea.”

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, mgumu.

Mama mmoja akaninong'oneza, “Mwanangu, wenye kesi wako nyumba ya pili. Mume wangu amefariki alfajiri.”