Mkate Wangu Unakwenda Posa, Mimi Naambiwa Nibaki Nyumbani

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Waswahili wa Maskati tunajuana mpaka kwa mapishi. Nina miaka hamsini na nne, mjane, naishi Matrah. Mume wangu alipofariki nilianza kuuza achari za ndimu na mikate ya kumimina, kwa simu na kwenye masoko ya msimu. Kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yangu mpaka leo anakaa ofisini kwenye kiyoyozi.

Ijumaa iliyopita kulikuwa na soko la sikukuu ya mavuno huku Bawshar. Wenye mashamba huleta ndimu, mboga na asali, na sisi wapishi tunapewa meza. Niliamka kabla ya alfajiri, nikapika, nikapanga, nikasimama. Desturi ya soko letu, mteja huanza kwa kahawa na kuonja, ndipo aulize bei. Basi watu wakaonja kama walioalikwa harusini, wakasema mashallah, wakaenda zao kwenye meza ya asali. Kufika Alasiri miguu imevimba, mgongo si wangu, hata kutabasamu nimechoka.

Hapo nikamuona binti yangu anakuja na mama mmoja wa heshima zake, dhahabu mpaka vidoleni. Nilimjua kwa picha. Ni mama wa kijana anayetaka kumuoa, na Alkhamisi hii ndiyo walikuwa waje kwetu kuposa. Nikajifuta mikono haraka nimpokee. Binti yangu akanitazama usoni, akasema, "Khaala, mikate hii bei gani?"

Huku kwetu khaala ni heshima ya kumpa mwanamke yeyote wa makamo, hata usiyemjua. Nikamtajia bei. Sijui kwa nini, nadhani uchovu ulijibu kabla yangu. Nikamimina kahawa, nikawakatia vipande. Yule mama alionja akafumba macho. Binti yangu alikataa, eti hapendi vitu vya nazi, mtoto aliyekua akikomba sufuria zangu kwa kidole. Halafu yule mama akaniambia kwa upole, "Nifanyie mitano, dada yangu. Alkhamisi nnakwenda kumposea mwanangu, na sitaki kuingia kwa watu mikono mitupu."

Jioni nyumbani binti yangu alilia. Alisema alidhani saa ile nimeshafunga meza. Alisema pia kwamba kwenye ukoo ule mwanamke anayekaa sokoni huonekana hana wenyewe, na yeye alishawaambia kuwa mama yake hafanyi kazi. Sasa anataka posa ihamie kwa mdogo wangu, mwenye jumba Bawshar, na mdogo wangu akae kama ndiye mama. Mimi nisionekane.

"Siku moja tu, mama," akaniambia.

Siku moja? Na harusi je? Na mjukuu akizaliwa, nitamwendea kama muuza mikate? Mdogo wangu amekubali, anasema nisimharibie mtoto bahati yake. Nikitokea, yule mama atanitambua mlangoni na uongo wa mwanangu utajulikana mbele ya watu. Nikibaki, nimejifuta kwa mkono wangu. Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye, lakini hapa tumelia sote wawili na hakuna kilichobadilika. Nimeumia sana, ndugu zangu, na sina hata nguvu ya kumkasirikia.

Leo Jumatano. Mchele nimesharoweka, nazi nimeshakuna, maana ahadi ya mteja ni ahadi. Kesho asubuhi dereva wa yule mama anakuja kuchukua mikate yake. Nishaurini, nifanye nini? Nimkabidhi mikate aende nayo, au nivae buibui langu nipande gari pamoja nayo?