Mbio Baada ya Kumenya Kahawa

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kudhani kwamba kazi ya shamba si mazoezi. Nilijifunza kukimbia peke yangu kwa kutazama video kwenye simu, huko Tunduma, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Siku nikiikosa ratiba, nilikosa raha kama mtu asiyekumbuka kama alifunga duka.

Msimu wa kahawa nikarudi nyumbani Ihanda kumsaidia mama. Kutwa nilichuma na kubeba magunia, jioni nikazungusha mashine ya kumenya kwa mkono. Kahawa iliyochumwa humenywa siku hiyohiyo. Ikilala inachacha, na bei inaanguka. Tukimaliza, navaa raba naingia barabarani.

"We, nani anakufukuza?" aliniuliza mama mdogo, ambaye shamba lake linapakana na letu.

"Nafanya mazoezi, mama."

"Mazoezi! Njoo basi uzungushe na mashine yangu, nitakupigia filimbi."

Nilicheka tu. Goti lilikuwa limeanza kuuma, lakini nililifunga kitambaa nikaendelea. Niliogopa kwamba nikipumzika mara moja, nitarudi kuwa yule mzembe wa zamani.

Asubuhi moja goti likaamka limevimba, halikunjiki. Wachumaji walikuwa wameshaitwa, na jioni ua ukajaa kahawa nyekundu. Nilizungusha mashine kidogo, nikaketi chini. Mama hakunigombeza. Alishika mpini mwenyewe, akamwita mdogo wake, wakapokezana. Mimi nilikaa kwenye kigoda nikimimina kahawa na maji kwenye mashine.

"Leo kocha amekaa," mama mdogo akasema, anahema. "Haya, piga filimbi!"

Waliimaliza yote, giza limeshaingia. Mama alijikanda bega kwa maji ya moto, nami sikujua pa kuweka macho.

"Mwanangu," akasema, "hizo mbio ungeziacha mpaka kahawa iishe. Kwani zingeoza?"

Hakuna video iliyowahi kuniuliza hivyo.

Siku hizi msimu wa kahawa sikimbii, mashine inatosha. Nikirudi Tunduma naanza polepole, na goti likilalamika napumzika. Wasiwasi haujaisha, bado nikipumzika najiona mvivu, ila siutii tena. Mwaka uliofuata nilizungusha mashine mpaka gunia la mwisho, mama akiwa amekaa.